Mtani Hanuni

Nina blogu. Msinicheke. Wenzangu wa rika langu hapa Kisarawe wana vikoba, wana wajukuu, wana kisukari. Mimi nina blogu, inaitwa Mkeka wa Alasiri, na kila Ijumaa nikitoka shule ninaandika humo habari za mambo ninayoyapenda. Nafundisha darasa la sita, kwa hiyo kutwa nzima kazi yangu ni kusahihisha makosa ya watu, na nakiri kwamba naipenda. Nimeandika namna ya kuotesha mawaridi kwenye ndoo zilizotoboka. Nimeandika kuhusu vitambaa vya kudarizi ambavyo binti yangu Zawadi anaona aibu kuvitandika kwenye makochi. Lakini zaidi ya yote nimeandika kuhusu muziki wa zamani: dansi la enzi zile, taarabu, na ngoma za kwetu Uzaramo.

Ugonjwa huo wa muziki ulinianza nikiwa na miaka kumi na mitatu. Redio ya baba naiweka huku, redio kaseti ya mjomba naiweka kule, zinatazamana. Ukija wimbo ninaoupenda, nabonyeza vitufe viwili kwa pamoja na kuurekodi. Kwa kuwa sauti ilipita hewani, kila kitu kiliingia humo, kuku, mvua, kikohozi. Basi nikatoa amri nyumba nzima kwamba nikirekodi hakuna kukohoa. Na kabla ya kila wimbo nilijitangaza mwenyewe, kwa sauti ya puani kama watangazaji wa siku hizo: "Ni mimi mtangazaji wenu, Mwanahalima binti Abdulaziz!" Niliandika kisa hiki kwenye blogu mwaka juzi na watu walicheka sana.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa Wilbrod. Huyu alikuwa fundi redio pale Maili Moja, Kibaha, mwenye kibanda kilichojaa mashine za zamani, na kazi yake kubwa ilikuwa kuhamisha muziki kutoka kwenye kaseti na sahani za santuri kuuweka kwenye flashi. Ni Mnyamwezi wa Tabora, Mkatoliki. Mimi ni Mzaramo. Kwa hiyo, kabla hata hatujajuana majina, tulikuwa watani, maana Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Siku ya kwanza niliyoingia kibandani kwake alinitazama kuanzia ushungi hadi ndala akasema, "Mtumwa wangu, leo umetoroka ngoma gani?" Nikamjibu, "Nimekuja kukukagua, mpagazi. Nasikia umetua mzigo bila ruhusa."

Toka hapo ikawa ndiyo salamu yetu. Nikiandika jambo kwenye blogu, asubuhi nakuta maoni yake: Mzaramo ameuza mnazi wa babu yake ili achezeshe mwali, sasa anatufundisha kuotesha mawaridi. Namjibu kwamba aliyekulia michembe, vile viazi vikavu vya kwao, hajui waridi, angeliona angelichemsha. Wasomaji walikuja kwa ajili ya matusi yetu kuliko kwa ajili ya mawaridi, najua. Na sheria ya utani ni moja tu, nayo kila mtu anaijua. Mtani hanuni. Ukitukanwa unacheka, unarudisha, basi. Hakuna kesi ya utani inayopelekwa kwa mwenyekiti wa mtaa.

Mkewe Flaviana alipofariki, miaka miwili iliyopita, nilikwenda msibani kufanya kazi yangu ya utani. Nilivaa gauni lake la kwaya juu ya baibui langu, nikamwiga anavyotembea, anavyomgombeza mumewe kwa kujaza waya mpaka chumbani. Makaburini nilikaa juu ya udongo nikasema mtu hazikwi hapa mpaka nipewe jogoo. Waombolezaji walicheka huku wanalia. Wilbrod alinishika mkono baadaye akaniambia, "Mtumwa, siku nzima ya leo nilipumua mara moja tu. Ni pale ulipoiga anavyonigombeza." Nakumbuka maneno hayo vizuri. Nayaandika hapa ili mjue kwamba nilikuwa nayakumbuka siku niliyofanya nilichofanya.

Sasa kuhusu kaseti. Mama yangu, Bi Mboni, alikuwa mwimbishaji wa ngoma. Siku ya kumtoa mwali dada yangu mkubwa, Rukaya, mwaka themanini na tisa, mama aliimbisha kutwa, na kuna mtu alirekodi. Kaseti moja tu. Mama alifariki mwaka tisini na nane. Picha zake ninazo tatu, kwa hiyo sura yake sijaipoteza, ila sauti yake imenitoka. Sijui nilieleze vipi hili. Najua maneno aliyoyasema, najua alivyoniita, lakini nikiyakumbuka nayasikia kwa sauti yangu mimi. Nilianza kuogopa kwamba nitakufa bila kumsikia tena.

Mwezi wa pili mwaka huu nikaikuta ile kaseti kwenye sanduku la bati la marehemu baba. Juu yake kuna mwandiko wa mjomba: "Mwali Rukaya – Mboni." Sikuthubutu kuipiga kwenye redio yangu, mikanda ya zamani hukatika. Niliikumbatia mpaka Maili Moja. Wilbrod aliigeuzageuza kwenye mwanga. "Hapa kwenye vitundu vya juu kuna selotepu," akasema. "Nani aliibandika?"

"Nitajuaje? Fanya kazi, mpagazi, acha upelelezi."

Alinitazama kidogo kisha akacheka. Akasema nije baada ya wiki. Mimi, kwa kiherehere changu, nikaandika kwenye blogu Ijumaa ile ile: jamani, sauti ya mama yangu inarudi, kaeni mkao wa kula. Watu kutoka Mwanza mpaka Muskati waliniandikia kwamba wanaisubiri.

Wiki ikapita. Nikapiga simu. "Mkanda umenata," akasema. Wiki ya pili, mashine inasumbua. Wiki ya tatu, mtumwa hana haraka, kazi ya bwana wake itakamilika kwa wakati wake. Mwezi mzima. Wasomaji wakaanza kuniuliza, na mimi si mtu wa kuulizwa mara mbili. Nikaandika makala ya kwanza ya kumchokoza. Nilisema fundi wangu ametoka katika kabila lililobeba pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka Bagamoyo kwa miezi mitatu, na sasa anabeba kaseti moja kutoka mezani mpaka kwenye mashine kwa mwendo ule ule. Ilikuwa nzuri, bado nasema ilikuwa nzuri. Wilbrod akaandika chini yake kwamba hata pembe zilifika.

Lakini hakuleta. Na hapo ndipo nilipoanza kukasirika kweli, nikaendelea kuandika vile vile kana kwamba natania. Mezani kwake palikuwa na kaseti mbili zilizokatika za watu wengine. Nikazipiga picha siku moja alipokwenda kununua maji, nikaziweka kwenye blogu na kichwa cha habari: "Machinjio ya Maili Moja." Nikasema hapa mikanda huingia hai. Nikasema mwenye kaseti ya thamani aizike mwenyewe uani, angalau atajua kaburi liko wapi. Nilijua kwamba kaseti zile zilifika kwake zikiwa zimeshakatika. Alikuwa ameniambia mwenyewe.

Wasomaji waliozoea utani wetu walielewa, au walidhani wameelewa. Wengine hawakuelewa. Baada ya siku chache nilipigiwa simu na mwalimu Yosefina, mwalimu wa kwaya ya usharika mmoja wa Kilutheri huko Misugusugu. Sikuwa namfahamu. Ana sauti ya upole, ya mtu aliyezoea kuwatuliza masoprano. Alisema kwaya yao ina kaseti thelathini na mbili, nyimbo za tangu usharika unaanza, na walikuwa wamekubaliana na fundi Wilbrod wampelekee Jumatatu.

"Sasa dada, nimesoma yale uliyoandika. Naomba uniambie tu, ni kweli anaharibu au ni utani wenu?"

Swali jepesi, jibu lake neno moja. Nilikuwa nimekaa barazani nikidarizi, na nilikuwa na kaseti yangu kichwani, miezi mitatu sasa. Nikasema, "Mwalimu, kaseti zako ni wanao. Wewe ungemkabidhi mwanao mtu ambaye huna hakika naye?"

Akanishukuru. Alinishukuru mara mbili.

Wilbrod alijua, maana mji wa Kibaha si mkubwa kiasi hicho. Aliniandikia kwenye simu: "Mtumwa umenikatia riziki hahaha. Wazaramo mna roho ya korosho, mpaka uichome ndiyo ifunguke." Alicheka. Sheria ilimtaka acheke, naye akacheka, na mimi nikaichukulia hiyo kuwa hati ya msamaha.

Ningeweza kuishia hapo. Ila mwezi wa saba jirani yangu Pazi, anayenunua korosho vijijini, alipita kwangu akasema, "Mwalimu, yule fundi wako Mnyamwezi nimemwona Maneromango. Mara ya pili hii. Anazunguka kwa wazee kuulizia mambo ya kaseti za ngoma. Alikuwa kwa mzee Mwinyimadi, wamekaa muda mrefu sana."

"Anauza au ananunua?"

"Mie nitajuaje? Ila alikuwa na kaseti mkononi, anamwonyesha mzee."

Nikajua. Yaani nilidhani nimejua, na hakuna mtu hatari kama mwalimu anayedhani amejua. Nikaona wazi: Mnyamwezi anatembeza sauti ya mama yangu kwa wazee wa Maneromango kama mtu anayenadi kitenge. Zawadi aliniambia, "Mama, si umpigie simu umuulize?" Nikamwambia mtu mzima hafundishwi kunawa.

Nikakaa, nikaandika. Sitayarudia yote. Nilimwita mwizi wa marehemu. Nilisema mababu zake walibeba mizigo ya watu kwa uaminifu, yeye ndiye wa kwanza katika ukoo kutoroka nao. Halafu, kwa kuwa makala ilihitaji kumalizika kwa kishindo, nikaandika: "Hata marehemu Flaviana, tuseme ukweli, hakuugua. Alichoka kusikiliza yanayotoka kwenye zile mashine akaamua kwenda mahali penye ukimya."

Nilipoimaliza sentensi hiyo nilicheka. Niliisoma kwa sauti ili nisikie mapigo yake. Nilibadilisha neno moja, nikaituma.

Haijawahi kutokea makala kwenye Mkeka wa Alasiri iliyosomwa kama ile. Watu waliisambaza kwenye magrupu, wakaweka vikatuni vya kuchekea machozi. Wachache waliuliza kama huo bado ni utani, wakajibiwa na wenzao kwamba watani huchezea hata jeneza, sembuse maneno. Ni kweli. Jeneza nililichezea kweli. Lakini pale makaburini nilikaa kwenye udongo ule nikiwa upande wake.

Kesho yake saa moja asubuhi maoni ya Wilbrod yakatokea, chini kabisa. "Hahaha. Umeniweza, mtumwa." Ndiyo yalikuwa ya mwisho.

Nilisubiri anirudishie tusi kubwa. Ijumaa ya kwanza kimya. Ijumaa ya pili nikaandika kuhusu pilipili mbuzi, kimya. Nilikwenda Maili Moja nikiwa nimejiandaa kwa vita, nikakuta kibanda kimefungwa na muuza chipsi wa pembeni ameshaanza kuweka magunia yake ya viazi mlangoni. Akaniambia fundi amehama. Kazi zilikatika, wateja walikuwa wanapita wanacheka wanapiga picha kibao cha kibanda chake. Amekwenda Gwata, ana shamba huko, analima.

"Si wewe ndiye yule dada wa kwenye blogu?" akauliza, akitabasamu. "Unajua kuua, wewe!"

Nilifurahi kusifiwa. Nayasema yote, si ndiyo maana ya kukaa mkekani?

Jumamosi iliyofuata nikaenda Gwata. Bodaboda iliniacha kwenye njia ya vumbi nikamalizia kwa miguu, baibui limejaa mbegu za majani, na njia nzima natunga la kumwambia. Nilimkuta anapalilia mihogo. Alikuwa amekonda. Nikasimama mwisho wa tuta nikapaza sauti: "Mtumwa! Umechimbia wapi mali ya bwana wako? Au umeshaichemsha na michembe?"

Akanyanyuka, akaegemeza jembe, akafuta mikono kwenye suruali.

"Karibu, dada Mwanahalima," akasema. "Pole na safari."

Sikuelewa. Nilidhani ni mtego, kwamba tusi linakuja nyuma yake. Nikatupia jingine, kuhusu mihogo yake kudumaa kwa kumwona mpandaji. Akaitikia, "Ni kweli dada, mvua zilikuwa haba." Akanitolea kiti. Akaniletea maji kwenye kikombe chenye kisahani, kama ninavyoletewa nikitembelea wazazi wa wanafunzi. Akauliza hali ya Zawadi, akauliza hali ya shule. Miaka tisa nimejuana na mtu huyu, hajawahi kuniuliza hali.

"Kaseti yangu," nikasema.

Akaingia ndani, akatoka na bahasha. Kaseti ilikuwa humo imefungwa kwenye kitambaa, pamoja na flashi. "Yote niliyoweza kuyapata yamo humo, dada. Nilitafuta nyingine. Mzee Mwinyimadi wa Maneromango ndiye aliyerekodi siku ile, na alikuwa na ya kwake. Nimekwenda mara mbili. Mchwa walishaila."

"Nyingine ya nini? Nilikupa hii."

"Nilitaka nikuletee ubaya pamoja na dawa yake. Dawa ndiyo sikuipata." Akanikabidhi bahasha kwa mikono miwili. "Usisikilize njiani. Kasikilize nyumbani, ukiwa umekaa."

Akanisindikiza mpaka barabarani, akamsimamisha bodaboda, akamwambia aniendeshe taratibu. Nilipopanda nilimtukana kwa mara ya mwisho, tusi dogo tu, la mazoea. Akasema, "Safari njema, dada."

Nilisikiliza siku hiyo hiyo alasiri, Zawadi akiwa ameketi pembeni yangu. Kwenye flashi kulikuwa na vipande vitatu. Cha kwanza kiliandikwa Mama. Ngoma inaanza, safi kabisa, hakuna mkwaruzo, sijui alikesha mara ngapi kuutoa. Halafu sauti ya mwanamke inainuka peke yake juu ya ngoma, nene, ina ukwaru kidogo mwishoni, na wanawake wanaitikia. Zawadi akanishika goti. "Ndiye bibi?" Ndiye. Nilimjua kabla hajamaliza neno la kwanza. Anaita mara ya pili, wanaitikia, anavuta pumzi aite mara ya tatu, na hapo pakalia kama kitufe kinabonyezwa. Sekunde arobaini na moja, kompyuta ilionyesha.

Cha pili kiliandikwa Iliyobaki. Nikakifungua.

"Ni mimi mtangazaji wenu," ikasema sauti ya puani, "Mwanahalima binti Abdulaziz!" Kisha dansi, kisha mimi tena, kisha taarabu, kisha mimi. Pande zote mbili, saa nzima. Mtoto amekosa kaseti tupu, amechukua iliyo karibu, ameziba vile vitundu vya juu kwa selotepu ili redio ikubali kufuta kilichomo, ameanza kurekodi nyimbo azipendazo.

Zawadi akauondoa mkono wake gotini kwangu. Alikuwa amesoma kila nilichoandika.

Kipande cha tatu kilikuwa kifupi sana. Wilbrod alikuwa ameusikiliza mkanda wote, dakika baada ya dakika, akimtafuta mama yangu humo, akampata mahali pamoja akamkata na kumweka peke yake. Kiliandikwa Mama 2. Redio inacheza kwa mbali, mlango unalia, mtu anakohoa. Mimi napiga kelele: "Mama, nyamaza! Unaniharibia!" Halafu sauti ile ile nene, ya chini, karibu kabisa na mashine:

"Haya, mwanangu. Nimenyamaza."

Nimekisikiliza mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema. Sauti sasa ninayo, sitaisahau tena.

Makala ya Flaviana niliifuta, lakini watu walishaihifadhi na bado inazunguka. Wasomaji wanauliza iko wapi sauti ya mama. Mwalimu Yosefina nilimpigia nikamweleza ukweli, akasema kaseti walishazipeleka Dar kwa fundi mwingine, nyingi zimerudi hazisikiki.

Wilbrod nilimwandikia jana. Niliandika nikafuta, nikaandika nikafuta, mimi ninayesahihisha insha arobaini kwa siku. Mwisho nikapeleka hivi: "Mpagazi, nimesikia yote. Nitukane. Tafadhali, nitukane hata kidogo."

Jibu lilikuja baada ya dakika mbili: "Pole sana dada Mwanahalima. Mungu akutie nguvu."

Nimelisoma mara nyingi nikitafuta tusi ndani yake. Hamna.